Tundu la Jeti na Hewa ya Oldeani

Hewa ya Oldeani ina sifa mbili. Ya kwanza ni baridi, na kila mtu anaiona: kwenye makoti ya asubuhi, kwenye ukungu unaoshuka kutoka msituni na kutanda juu ya mibuni. Ya pili ni wepesi, na huu hauonekani. Mtu aliyetoka Dar es Salaam huuhisi kifuani anapopanda kilima cha kwanza kwa miguu. Pikipiki iliyotoka Dar es Salaam huuhisi kwenye kabureta, na malalamiko yake huyatoa kwa njia ilizonazo: moshi mweusi, harufu ya petroli mbichi, na kuishiwa nguvu pale mlima unapoanza kuwa mlima kweli.

Nataka kumsifu fundi anayeyaelewa malalamiko hayo. Kazi yake nzima huishia kwenye kipande cha shaba kisichozidi urefu wa ukucha, chenye tundu la kama milimita moja kwa upana. Kipande hicho ni jeti. Kukitoa, kusoma namba yake na kuweka kingine kinachofaa nchi hii ni kazi ya chini ya saa moja. Kujua ni kipi kinachofaa ni kazi ya miaka, na hiyo ndiyo ninayoiita ufundi.

Mlima Oldeani, kaskazini mwa Tanzania, unazidi mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na kijiji kinachobeba jina lake kimekaa miguuni pake, upande wa kusini. Mashamba ya kahawa, ambayo mengi yalianzishwa na walowezi wa Kijerumani katika miaka ya 1920 na 1930, yametandazwa takriban kati ya mita 1,600 na 1,800. Udongo ni wa volkano, usiku ni wa baridi, na tunda la arabika huiva polepole likipata utamu wake kwa subira. Mwinuko huohuo unaoinufaisha kahawa unainyima injini pumzi. Kwenye mita 1,700 kanieneo (mgandamizo) ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Ukipanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kwenye mita 2,300 hivi, inabaki kama asilimia 76. Silinda ya pikipiki inavuta hewa ya ujazo uleule popote ilipo, lakini huku juu ndani ya ujazo huo hewa yenyewe ni chache.

Sasa itazame pikipiki inayoletwa kwenye hewa hiyo. Huku bado zipo Honda za zamani za cc 125, zile zilizowahi kubeba mabwana shamba, mapadri na watu wa miradi, ambazo leo ziko kwa mmiliki wa tatu au wa nne na hubeba magunia, mbolea na watoto wa shule. Zipo pia pikipiki nyingi za Kichina ambazo injini zake zimenakiliwa kutoka Honda CG125. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 baada ya kuona jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi zinazoendelea: mzigo unazidi kipimo, oili inachelewa kubadilishwa, vumbi halikomi. Wakaachana na mnyororo unaozungusha kamshafti kichwani mwa injini, wakaweka vijiti vinavyosukuma vali kutoka chini, wakapata mashine inayovumilia uzembe mwingi wa binadamu. Viwanda vya China vikaipenda, vikaizalisha kwa majina mengi, na ndiyo maana spea ya pikipiki moja mara nyingi huingia kwenye nyingine.

Lakini uvumilivu huo una mpaka wake. Kiwandani kabureta hupangwa kwa hewa ya nchi za chini, na hakuna anayejua wakati huo kwamba mashine hii itakwenda kuishi chini ya Mlima Oldeani. Inafika hapa ikiwa na mazoea ya kwao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jeti ndiyo jembe la pikipiki hii: siku inapowekewa jeti ya Oldeani, ugeni wake umekwisha, sasa inaweza kulima pamoja na wenyeji.

Ili kuuthamini ufundi huu ni lazima mtu akubali kuingia ndani ya kabureta walau kwa mawazo. Pistoni ikishuka, hewa inavutwa kupitia bomba fupi ambalo katikati limebanwa. Hewa inapopita kwenye wembamba huo huongeza mwendo, na inapoongeza mwendo kanieneo yake hushuka. Jambo hili lilielezwa na Mwitalia Giovanni Battista Venturi, aliyeishi kati ya 1746 na 1822, zamani sana kabla ya injini ya petroli. Chini ya wembamba huo kuna bakuli dogo lililojaa petroli, na boya linaloelea humo hufunga na kufungua mlango ili kimo cha petroli kisibadilike. Kati ya bakuli na mkondo wa hewa kuna jeti. Kanieneo ikishuka juu, petroli hunyonywa kupitia tundu la jeti, hupasuka kuwa matone madogo, na huingia kwenye silinda pamoja na hewa. Mjerumani Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta ya kunyunyiza petroli kwa tundu la namna hiyo mwaka 1893, na wazo lile bado linafanya kazi leo kwenye barabara ya vumbi ya Mang'ola.

Petroli huungua kikamilifu ikipata hewa yenye uzito wa mara 14.7 ya uzito wake. Hapo ndipo mwinuko unapoleta hesabu yake. Unaweza kudhani kwamba hewa ikipungua, mvuto utapungua na petroli nayo itapungua kwa kiwango kilekile, mambo yajinyooshe yenyewe. Hayajinyooshi. Petroli inayonyonywa hupungua kwa karibu nusu tu ya kiwango ambacho hewa imepungua. Hewa ya asubuhi ya Oldeani, ikilinganishwa na hewa ya joto ya Dar es Salaam, imepungua uzito kwa kama asilimia 15. Petroli inayopita kwenye jeti ileile hupungua kwa kama asilimia 8. Tofauti hiyo ndiyo inayotoka kwenye ekzosi ikiwa moshi.

Asilimia chache zinaweza kuonekana jambo dogo, mpaka uzifuate zinakokwenda. Petroli isiyoungua huacha masizi kwenye plagi, na plagi yenye masizi hutoa cheche dhaifu. Petroli hiyo pia hupita kwenye kuta za silinda na kuosha oili iliyopaswa kulinda ringi za pistoni. Huteremka hadi kwenye oili ya chini na kuipunguza uzito. Na kabla ya hayo yote, imekwisha kununuliwa. Kijana anayebeba abiria na mizigo kati ya mji wa Karatu na vijiji vya juu hununua petroli kila siku, wakati mwingine kwa chupa kijijini kwa bei iliyozidi ya kituoni, na kila kinachogeuka masizi kimetoka kwenye unga wa nyumbani kwake. Fundi anayepangilia kabureta vizuri anaongeza mapato ya familia asiyoijua, bila kuinua nauli ya mtu yeyote.

Vitabu vingi vya ufundi vya Honda vya enzi ya kabureta vina ukurasa juu ya jambo hili. Vinasema kwamba pikipiki ikitumika muda mrefu juu ya mita 2,000, iwekewe jeti ndogo zaidi na skrubu yake irekebishwe. Kisha vinaonya kwamba ikirudishwa kuishi chini ya mita 1,500 ikiwa na mpangilio huo wa juu, injini inaweza kupata joto kupita kiasi na kuharibika. Ni maelezo mazuri na ya kweli. Sasa yaweke juu ya ramani ya Karatu. Mji wenyewe uko karibu na mita 1,500. Ukingo wa kreta umepita 2,000. Oldeani, pamoja na mashamba yake na watu wake, iko katikati, mahali ambapo kitabu hakina neno. Hapo kitabu kinapokoma ndipo fundi anapoanzia, na sifa yangu yote kwake inasimama juu ya jambo hilo.

Fundi wa kweli haanzi na kabureta. Kijana anaisukuma pikipiki hadi chini ya mti, wanasalimiana, na maswali huanza kabla ya spana kuguswa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Inasemaje leo?"

"Haivuti, mzee. Nikiwa na mzigo inakohoa mlimani, na petroli inakwisha kabla siku haijaisha."

"Asubuhi ikiwa baridi inakwendaje?"

"Asubuhi haina neno. Ikishapata moto ndipo inaanza."

Kwa jibu hilo la mwisho fundi amekwisha kupata nusu ya habari. Injini baridi huhitaji petroli ya ziada, kwa hiyo pikipiki inayopewa petroli nyingi hupendeza asubuhi na kuharibika tabia ikipata joto. Ingekuwa inapungukiwa petroli, mambo yangegeuka: ingesumbua asubuhi, ingedai choki kwa muda mrefu, ingetoa milio ya kupasuka kwenye ekzosi kila mkono wa mafuta unapoachiwa ghafla. Tena kuna jaribio la barabarani. Injini ikiwa na moto, vuta choki kidogo. Ikiongeza nguvu, ilikuwa na kiu. Ikizidi kukohoa, ilikuwa imeshiba kupita kiasi. Daktari mzuri humsikiliza mgonjwa kabla hajaandika dawa, na mafundi wachache ninaowaheshimu zaidi wana tabia hiyohiyo ya kunyamaza mteja anapoongea.

Baada ya maswali huja ukaguzi wa vitu ambavyo si kabureta. Chujio la hewa linafunguliwa, kwa sababu vumbi jekundu la Karatu likiliziba, injini hukosa hewa na kuonyesha dalili zilezile za jeti yenye tundu kubwa mno. Vali zinapimwa: kwenye CG125 nafasi yake ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi. Pengo la plagi linapimwa, liwe kati ya milimita 0.6 na 0.7. Bomba linalounganisha kabureta na injini linakaguliwa, maana mpira wa zamani hupasuka na kuvuta hewa ya wizi. Bakuli linafunguliwa kutazamwa kama kuna maji au mchanga. Hatua hizi hazina utukufu wowote, na mteja mwenye haraka huziona ni kupoteza muda. Lakini kubadilisha jeti kwenye pikipiki yenye chujio lililoziba ni kutibu ugonjwa ambao haupo, na ugonjwa uliopo unabaki palepale ukiwa umefunikwa.

Kisha plagi inasomwa. Pikipiki inapandishwa mlima mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa wote, na mahali ambapo injini inafanya kazi kwa nguvu zote, klachi inabanwa na injini inazimwa papo hapo, ili plagi itunze picha ya kazi hiyo na isichafuliwe na safari ya kurudi. Plagi inafunguliwa ikiwa bado ya moto. Weusi mkavu wa masizi unasema petroli ni nyingi. Weupe wa chokaa, au vipunje vilivyoyeyuka, vinasema petroli ni chache na hatari iko karibu. Kahawia hafifu kwenye kauri inayoizunguka ncha ya kati ndiyo rangi inayotafutwa. Kuna watu wanaoona plagi tatu zenye weusi na kusema zote ni nyeusi. Fundi huona tofauti kati ya weusi wa petroli, weusi unaong'aa wa oili inayopanda kutoka kwenye ringi, na weusi wa plagi isiyochoma vizuri. Jicho hilo halinunuliwi dukani.

Ndani ya kabureta kazi zimegawanywa, na fundi anajua nani anawajibika lini. Jeti ndogo huhudumia injini inapozunguka pole na mwanzo wa kuvuta mafuta. Sindano inayoning'inia kwenye slaidi hutawala katikati, kuanzia robo hadi robo tatu ya mkono wa mafuta. Jeti kubwa hutawala sehemu ya mwisho, pale mkono unapokaribia kufunguka wote. Kwa hiyo swali la fundi, "inakohoa ukiwa umevuta kiasi gani?", si la kupiga soga. Ikikohoa katikati tu, jeti kubwa haina hatia. Sindano inashushwa ngazi moja kwa kuhamishia klipu yake juu, na petroli ya katikati inapungua bila kugusa kitu kingine.

Jeti kubwa ikihukumiwa, inatolewa kwa bisibisi inayoenea vizuri kwenye mfuo wake, kwa sababu shaba ni laini na bisibisi mbaya huila. Juu yake kuna namba. Kwenye jeti za Keihin, namba hukaribia upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, hivyo 100 ni kama milimita moja. Mikuni, kwa jeti zao nyingi, huhesabu kiasi cha petroli kinachopita kwa dakika, kwa hiyo namba ya huyu hailingani na namba ya yule, na asiyejua hilo hupotea mapema. Kwa hesabu ya hewa niliyoitaja, pikipiki iliyofika na jeti ya 100 ya Keihin inataka kitu kama 95 au 96 hapa Oldeani. Tofauti ya tundu ni milimita 0.05, unene wa unywele mwembamba. Fundi hushuka namba moja, hurudi mlimani, husoma plagi tena. Hapendi kurukia namba tatu kwa mara moja hata akiwa na uhakika, maana mlima ndio unaotoa hukumu na yeye anaiheshimu hukumu yake.

Inabaki skrubu ndogo ya ubavuni. Hapa kuna jambo ambalo hutofautisha aliyefundishwa na aliyebahatisha. Skrubu ikiwa upande wa chujio, inatawala hewa, na kuifungua ni kupunguza ukali wa petroli. Ikiwa upande wa injini, inatawala mchanganyiko wenyewe, na kuifungua ni kuongeza petroli. Fundi huifunga taratibu hadi igote, bila kuikaza, kisha huifungua akihesabu mizunguko. Injini ikiwa na moto, huizungusha kidogo kidogo akisikiliza, mpaka apate mahali ambapo mlio unapanda na kutulia. Sauti hiyo ikishakaa, hakuna kifaa kinachohitajika kuithibitisha. Unaisikia kama unavyomsikia mtu aliyetua mzigo.

Zipo njia za mkato, na ni haki kuzitaja kwa sababu zinaharibu jina la kazi njema. Wapo wanaochomeka uzi wa waya wa umeme ndani ya tundu la jeti ili pikipiki isile mafuta. Wapo wanaolipanua tundu kwa msumari wakitafuta nguvu. Waya hupunguza petroli kweli, lakini bila kipimo, na pikipiki inayopungukiwa petroli haiombi msaada kwa moshi. Hukimbia vizuri, hata huonekana imepata wepesi, huku joto likipanda ndani hadi vali ya kutolea moshi inaungua au pistoni inakwaruza silinda. Akiba ya wiki chache hulipwa kwa injini nzima. Na tundu likishakwaruzwa kwa chuma, namba iliyoandikwa juu yake inakuwa uongo wa kudumu, kwa sababu kila fundi atakayekuja baadaye ataiamini. Jeti husafishwa kwa petroli safi na pumzi ya pampu, au kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Anayejali hivyo tundu lisiloonekana na mteja anastahili kuaminiwa hata kwa vile vinavyoonekana.

Mtihani mkubwa wa ufundi huu ni barabara inayoteremka kutoka upande wa Oldeani kwenda Mang'ola na Ziwa Eyasi. Juu kuna kahawa, ngano na baridi. Chini kuna vitunguu, chemchemi, joto, na ziwa lililo karibu na mita 1,030. Ni tofauti ya zaidi ya mita 600 katika safari ya saa chache, na pikipiki moja huifanya kwenda na kurudi. Kwa kufuata mwinuko peke yake, mtu angesema pikipiki ya Oldeani itapungukiwa petroli ikifika Mang'ola. Lakini joto nalo huipanua hewa na kuipunguzia uzito. Piga hesabu ya mchana wa nyuzi 32 Eyasi na asubuhi ya nyuzi 16 Oldeani, utakuta uzito wa hewa unatofautiana kwa chini ya asilimia 3. Mchana wa bonde na asubuhi ya mlima vinakaribia kuwa hewa moja. Jeti iliyopangwa vizuri juu huweza kushuka bila hofu.

Hatari iko kwingine: alfajiri ya Mang'ola, kabla jua halijachoma, ambapo hewa ya bonde ni baridi na nzito zaidi, na ndiyo saa ambayo vitunguu hupakiwa na mlima huanza kupandwa kwa mzigo kamili. Hapo pikipiki iliyokonda sana kwa jeti ndogo huumia. Kwa hiyo fundi mwenye busara humuuliza mteja anakwenda wapi, saa ngapi, na amebeba nini, kisha humpangia jeti yenye ukarimu kidogo kuliko ile ambayo hewa ya Oldeani peke yake ingedai. Hakuna kitabu kilichomwambia hivyo. Ameambiwa na barabara, na ameikubali kuwa mwalimu.

Haki inadai niseme pia jeti isichoweza. Haiongezi hewa. Nguvu ambayo mwinuko umeichukua haitarudi, na pikipiki ya cc 125 huku juu haitakuwa ile ya Tanga. Fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo waziwazi. Anachokitoa ni kuondoa hasara iliyoongezwa juu ya upungufu huo: moshi, masizi, kukohoa, petroli inayopotea. Kuna heshima katika kazi inayojua mpaka wake na kufika mpaka huo bila kubakiza.

Jeti haiwezi pia kuponya petroli mbovu. Wanaokumbuka miaka ya uchakachuaji wanajua jinsi petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ilivyowavuruga mafundi, kwa kuwa plagi ilisoma ugonjwa ambao haukuwa wa kabureta. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kugundua uchanganyaji) kwenye mafuta mwaka 2010, na tofauti ya kodi iliyovutia uchanganyaji ikapunguzwa mwaka uliofuata. Lakini petroli ya chupa iliyokaa juani wiki nzima bado ipo, na fundi makini hunusa kwanza.

Watu wananiambia kwamba ufundi huu umefikia mwisho wake. Pikipiki mpya zinakuja na mfumo wa kunyunyiza petroli kwa kompyuta, zenye kifaa kinachopima kanieneo ya hewa na kujirekebisha zenyewe kuanzia Mto wa Mbu hadi Rhotia na juu zaidi. Za umeme nazo zimeanza kuonekana katika miji ya Afrika Mashariki, na hizo hazihitaji hewa kabisa. Sina ugomvi na maendeleo hayo. Mfumo unaojirekebisha ni kitu kizuri, na anayeupuuza anajidanganya. Lakini kompyuta ile inafanya uamuzi uleule ambao fundi wa kabureta huufanya kwa plagi na sikio, na atakayeirekebisha itakapokosea atahitaji kujua ilikuwa inajaribu kufanya nini. Marubani wa ndege ndogo za pistoni zinazoruka kutoka uwanja wa Manyara wana wenzo wa kupunguza petroli kwa mkono kadiri wanavyopanda, na hufundishwa sababu yake kabla ya kukabidhiwa ndege. Elimu ya hewa ni moja kwa rubani na kwa fundi aliye chini ya mti. Na kabureta bado ni nyingi mno kwenye barabara zetu, kwa miaka mingi ijayo, na nyingi ziko mikononi mwa watu ambao hawana fedha ya kununua pikipiki mpya.

Kinachonihuzunisha ni kwamba elimu hii iko vichwani tu. Fundi mmoja anajua jeti inayofaa Oldeani, mwingine anajua ya Mbulumbulu, mwingine ya Mang'ola, na kila kijana anayeanza kazi huanza sifuri, akiunguza plagi na pistoni za wateja ili agundue kitu ambacho jirani yake alikijua zamani. Fundi akihama au akifariki, namba zinakwenda naye. Kitabu cha kiwandani kiliacha pengo kati ya mita 1,500 na 2,000, na pengo hilo ndilo nchi yetu. Wa kulijaza ni sisi, na vifaa vyake vipo: daftari la shule, kalamu, na simu yenye GPS inayotaja mwinuko.

Kwa hiyo, mwenye pikipiki, siku kabureta yako itakapofunguliwa, uliza namba ya jeti iliyomo na uikariri kama unavyokariri namba ya usajili. Na wewe fundi, andika. Mahali na mwinuko wake, aina ya pikipiki, jeti kubwa, jeti ndogo, ngazi ya sindano, mizunguko ya skrubu, rangi ya plagi baada ya mlima. Andika na safari za mteja, maana umeona Mang'ola kwamba saa ya safari ina uzito kama mwinuko. Kijana atakayelipokea daftari hilo ataanzia pale ulipofika, na Oldeani itakuwa na kitabu chake cha ufundi, kilichoandikwa na watu wanaoivuta hewa yake kila siku.